Mimi, Dada na Pampu ya Dizeli

Gari letu lilikuwa na wenyewe wawili, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake wa kwanza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Sumbawanga, nafundisha hesabu na sayansi. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka saba, alikuwa akinunua ulezi na maharage vijijini na kuyauza mjini. Baba alipofariki alituachia ng'ombe. Tukawauza, dada akaongezea fungu lake la biashara, na tukapata pikapu ya dizeli ya mtumba, nyeupe, iliyokuwa imeshatembea sana Japani kabla ya kuja kutembea kwetu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Mazao yetu yaliyokuwa na mnunuzi mmoja tu, tena anayekuja akipenda, sasa aliweza kuyanunua mtu yeyote mwenye magunia na mizani. Neno lililokuwa midomoni mwa watu ni ruksa. Dada alilielewa mapema kuliko mimi. Nilipokuwa bado nalalamika na walimu wenzangu juu ya hali ya maisha, yeye alikuwa tayari ana kibanda sokoni chenye bati jipya na kufuli kubwa, na wakulima wa Mpui wanamwita kwa heshima wasiyowahi kunipa mimi mwenye cheti.

Katika gari lile kazi tuligawana hivi: dada aliamua liende wapi, mimi nikaliendesha. Udereva nilijifunza jeshini, nilipokwenda kwa mujibu wa sheria, na nilijifunza kwa mtu aliyekuwa na haraka. Sikuona kasoro yoyote katika uendeshaji wangu. Kwa kuwa hakuna mwingine nyumbani aliyejua kuendesha, hakukuwa na wa kunikosoa.

Dada alikuwa na sala moja tu juu ya gari lile, kwamba lisile mafuta mengi. Dizeli ilikuwa shida. Masika lori la mafuta likikwama njiani, mji mzima ulinunua kwa madumu, na mwenye dumu ndiye aliyekuwa bwana. Yeye alitaka tutoke mjini, tuzunguke Mpui, siku nyingine tufike Matai, na turudi bila kutafuta dumu la mtu. Mimi nilikuwa na mawazo makubwa zaidi. Mimi nilitaka tela.

Tela lenyewe nililiona kwenye uwanja wa shirika moja la umma lililokuwa linafungwa. Walikuwa wanauza kila kitu: meza, makabati ya mafaili, taipureta zisizo na utepe. Pembeni, nyasi zikiwa zimeota hadi juu ya magurudumu, kulikuwa na tela la matairi mawili la chuma kizito. Nililizunguka mara tatu. Nilipiga hesabu kichwani kuwa mzigo wa safari mbili ungekuja kwa safari moja, na hesabu ile ilinipendeza sana kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuisahihisha. Nikalinunua bila kumwambia dada.

Alipoliona uani alisimama mbele yake, kitenge amekivuta mabegani kwa sababu ya baridi.

"Hili nalo linakula nini?" akauliza.

Nikamweleza kuwa tela halina injini, kwa hiyo haliwezi kula kitu.

"Basi gari litakula kwa niaba yake," akasema, akaingia ndani.

Maneno yale yalinikaa. Kwa siku kadhaa nilisoma kitabu cha sayansi cha darasa la saba, sura ya mitambo, ambayo ilikuwa na kurasa mbili na picha moja. Nikaridhika kuwa nimeielewa injini. Nikaamua kwamba dawa ni kuiongezea nguvu: pampu ya dizeli ifunguliwe kidogo, imwage mafuta zaidi, gari livute tela kama si kitu.

Fundi wetu alikuwa mzee wa mtaa wa Kizwite aliyejifunzia kazi kwenye gereji ya misheni tangu ujana wake. Alifanyia kazi nyuma ya nyumba yake, chini ya bati, na mwaka mzima alivaa sweta moja la kijani lililokuwa limekuwa jeusi sehemu zote muhimu. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza jambo wakati boneti iko wazi, alikujibu kwa kifupi tu; maelezo yalisubiri mpaka aifunge.

Nilimwendea Jumamosi, peke yangu. Nilimsalimia, kisha nikachukua kijiti na kumchorea injini chini kwenye vumbi. Nilimwonyesha mafuta yanapoingia, yanapowaka, na nguvu inapotokea. Nikikumbuka hivi sasa, najiona nimechuchumaa pale namfundisha mtu aliyekwisha kufungua injini nyingi kuliko madaftari niliyosahihisha. Naye aliutazama mchoro wangu hadi mwisho, kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani.

"Dada amekubali?" akauliza.

Nilimjibu kuwa dada hana neno. Kwa namna fulani ilikuwa kweli, kwa sababu sikuwa nimempa nafasi ya kuwa na neno.

Akaniambia niliache gari, nirudi saa tisa. Saa tisa nilirudi, akanipa ufunguo na kuniambia nikalijaribu. Nilipandisha nalo barabara ya kuelekea uwanja wa ndege, na kabla sijaingiza gia ya tatu nilisikia tofauti. Kiti kilinisukuma mgongoni. Injini ilikuwa na sauti mpya, nzito, ya kiume. Jumatatu, katika ofisi ya walimu, nilisimulia habari zile wakati wa chai mpaka kengele ikapigwa, na mwalimu wa jiografia akaniomba nimweleze tena taratibu.

Tela nikalifunga. Uwandani, kwenye barabara ya Mpui ambako nchi imetandikwa kama mkeka, lilivutika vizuri tu. Baada ya wiki chache nikaona kama nguvu imepungua, nikarudi kwa fundi nikamwambia aongeze kidogo. Akaniambia nirudi saa tisa. Baadaye nikarudi tena mara ya tatu. Kila mara nililisikia badiliko lile lile, na kila mara niliwaeleza wenzangu.

Jambo moja lilinishangaza, nalo lilinifurahisha. Dada alikuwa ameacha kulalamika juu ya mafuta. Alikaa kando yangu, akiinamisha sikio kidogo, halafu akisema gari siku hizi linapumua vizuri. Akitazama mshale wa mafuta, alitabasamu peke yake. Nilidhani anajivunia mdogo wake. Nilipunguza mwendo siku hizo ili nifurahie zaidi kukaa naye.

Likizo ya katikati ya mwaka ikafika. Dada alipata nafasi ya kununua dagaa Kasanga, ziwani, na hakutaka twende na tela. Nilimshawishi siku mbili. Nilimwambia gari hili si lile alilolizoea. Alinitazama kwa namna ambayo wakati huo sikuielewa, akasema haya, kama ninaliamini hivyo.

Kuteremka kutoka Matai hadi ziwani hakuhitaji nguvu, kunahitaji breki, na Mungu alitusaidia. Kasanga tulipakia dagaa. Dagaa ni wepesi. Magunia yalijaa pikapu, na telani yakaacha nafasi iliyonisikitisha. Wakati dada yuko upande wa pili anapatana na wavuvi, akaja mtu mwenye magunia ya chumvi yaliyoletwa na meli kutoka Kigoma, akaniuliza kama naweza kumfikishia Sumbawanga. Nilimwambia alete yote. Dada aliporudi tela lilikuwa limekaa chini kama kuku anayeatamia. Akaniuliza telani mna nini, nami nikamwambia ni chumvi kidogo.

Tulianza kupanda asubuhi. Kona ya kwanza gari liliitika. Ya pili lilianza kulia, nikaingiza gia ya kwanza na kukanyaga mafuta mpaka chini. Nyuma yetu ulifuka moshi mweusi kiasi kwamba tela silioni kwenye kioo. Mshale wa joto ulipanda bila kusimama. Katikati ya mlima, mahali ambapo upande mmoja ni ukuta wa mawe na upande mwingine ni majani ya miti inayoota chini sana, injini ilikohoa mara mbili ikazima, rejeta ikaanza kupiga mluzi wa mvuke.

Nilivuta breki ya mkono. Haikushika. Nilikanyaga breki ya mguu, na gari likasimama, ila tela lilikuwa limeanza kupinda na kuelekea kule kwenye majani ya miti. Kwa hiyo nilibaki pale, mguu mmoja kwenye breki, mikono yote miwili kwenye usukani, siwezi kushuka wala kugeuka. Dada alifungua mlango, akashuka bila haraka, akatafuta jiwe, akaliweka nyuma ya tairi. Akatafuta la pili. Kisha akaenda kwenye tela, nikamsikia akifungua kamba.

Yeye mwenyewe alianza kushusha magunia ya chumvi. Baadaye walipita wanawake wanne wakitoka shambani na majembe yao, wakaweka majembe chini na kumsaidia. Walizungumza kwa lugha ya nyumbani wakidhani dereva ni mtu wa mbali. Mmoja alimwuliza dada kama yule ndani anaumwa miguu. Dada akamjibu kuwa miguu ni mizima. Mwanamke yule akachungulia dirishani, akaniona nilivyokakamaa na jasho linavyonitiririka, akasema pole. Nikamjibu ahsante kwa Kifipa. Wote wanne wakarudi kwenye mzigo, kisha nikawasikia wanacheka nyuma ya tela, taratibu, kwa heshima.

Tela likiwa tupu dada na wale wanawake walilifungua, wakalisukuma likae pembeni, wakalikinga kwa mawe. Nikaweza kushuka. Miguu yangu, niseme ukweli, ilikuwa inatetemeka, na yule mwanamke hakuwa amekosea sana. Wale akina mama wakaendelea na safari yao. Mimi na dada tukakaa juu ya magunia ya chumvi kungoja injini ipoe. Nilisubiri anianze. Nilikuwa nimeshajiandaa na maneno ya kujitetea, karibu yote yakihusu ubora wa barabara.

"Kosa ni langu," dada akasema.

Katika maisha yangu yote sikuwa nimemsikia akisema hivyo. Aliniambia, akitazama ziwa kule chini, kwamba gari limekosa nguvu kwa sababu yeye aliziondoa. Siku zile aliponiambia nilipeleke kubadilishwa oili, alikuwa anatangulia kwa fundi na kumwomba aipunguze pampu ili gari lisile mafuta mengi. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya mwisho alimpelekea na unga wa ulezi. Na kweli, akasema, kila mara aliona mafuta yanakaa zaidi.

Mtu mwenye utu angemshika mkono dada yake na kumwambia yaishe. Mimi nilikasirika. Nilisimama juu ya ile chumvi nikamweleza habari za uaminifu baina ya ndugu, na mali ya pamoja, na ninavyoumia. Nilisema sana. Nikiwa katikati nikasikia maneno yakinitoka kwamba haiwezekani, mimi nililipa iongezwe, nawe unakwenda kuipunguza.

Dada akageuka.

"Wewe ulikwenda lini?" akauliza.

Tukaanza kuhesabu siku. Ikaonekana nilipokwenda mimi Jumamosi, yeye alikwenda Jumatano iliyofuata. Mara ya pili hali kadhalika. Mara ya tatu tulipishana kwa siku moja, na unga wa ulezi ulikuwa bado juu ya benchi la fundi mimi nilipofika. Nilikumbuka kuuona na kufikiri ni mzee anayependwa na watu. Halafu, kwa mara ya kwanza mwaka ule, tukakubaliana juu ya jambo moja: fundi ni mwizi.

Chumvi na tela tuliviacha kwenye nyumba ya mzee mmoja iliyokuwa karibu na barabara, tukapanda na dagaa peke yake hadi Matai, na kesho yake tukarudi kuchukua kilichobaki kwa safari mbili. Hesabu yangu ya safari moja badala ya mbili ilikuwa imezaa tatu.

Siku ya pili baada ya kufika mjini tulikwenda Kizwite, sote wawili. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda anasugua nozeli ya kupulizia dizeli. Tulimwamkia, kwa sababu hata mwizi ana umri wake, kisha tukaanza. Dada alisema yake, nikasema yangu, tukasaidiana pale mmoja alipoishiwa pumzi. Mzee alisikiliza mpaka tukamaliza. Akanyanyuka, akafungua boneti ya gari letu, akachukua kitambaa na kuipangusa pampu. Akatuita tusogee.

Alituonyesha skrubu ndogo. Kichwani mwake kulikuwa na waya mwembamba uliopitishwa na kufungwa kwa kipande cha madini ya risasi kilichogongwa muhuri.

"Huu ni muhuri wa kiwandani," akasema. "Ukitaka kuongeza au kupunguza, lazima uukate."

Haukuwa umekatwa. Risasi ilikuwa na rangi ya kiwanda, ile ile iliyopakwa pampu, na vumbi la miaka lilikuwa limeganda kwenye waya. Niliugusa kwa kidole ili nihakikishe, kisha nikafuta kidole.

Dada akamwuliza basi alikuwa akifanya nini siku zote zile. Akasema alikuwa anatoa chujio la hewa na kulisafisha, kwa sababu tunapita kwenye vumbi jingi na hakuna kati yetu aliyewahi kulifungua. Malipo aliyochukua ni ya kusafisha chujio. Nikakumbuka kuwa kweli yalikuwa madogo sana, nami nilidhani ni kwa kuwa ameheshimu elimu yangu.

"Na ile nguvu niliyoisikia?" nikamwuliza.

"Hiyo sijui, Mwalimu," akasema. "Mimi sikuwemo garini."

Dada alianza kucheka. Nilimwambia na yeye aliona mafuta yanakaa zaidi, akazidi kucheka. Fundi akafunga boneti, na hapo tukajua atazungumza. Alisema gari ni la watu wawili, na kila mmoja alikuja peke yake akisema mwenzake hana neno. Yeye hakutaka kukata muhuri wa mali ya watu kwa neno la mmoja. Alikuwa anasubiri siku tutakayokuja pamoja.

"Sasa tumekuja," dada akasema. "Tuongeze au tupunguze?"

Akajibu kuwa angekuwa yeye angeliacha lilivyo. Akaeleza kwa maneno machache, na bila kuchora chini, kwamba sisi tunakaa juu, hewa yetu ni nyepesi. Ukiongeza mafuta, hewa ya kuyachoma haitoshi. Utapata moshi na joto, kama ule tuliouona mlimani, na mwisho utaua injini. Ukipunguza, mafuta yatapona kidogo lakini mlima wa Kasanga hutaupanda hata gari likiwa tupu. Pikapu ile ilitengenezwa kubeba, na tela lile la chuma lilitengenezwa kwa ajili ya trekta. Hilo la trekta lilikuwa geni kwangu.

Dada akauliza mafuta yetu mengi, basi, yanaishia wapi. Mzee hakujibu kwa mdomo. Alikuwa na spana mkononi, akainyoosha polepole kuelekea chini, ikasimama mbele ya kiatu changu cha kulia.

Nilikitazama kiatu kile. Kilikuwa kimelika soli upande wa mbele kuliko kile cha kushoto. Nilikuwa nimeliona jambo hilo muda mrefu na nikamlaumu fundi viatu.

Ikaeleweka yote. Dada alipokuwa kando yangu nilienda taratibu ili nifurahie mazungumzo, na mafuta yalikaa. Nilipokuwa peke yangu natafuta ile nguvu mpya, niliitafuta kwa mguu. Kila mmoja wetu alipata alichokiomba, na aliyekuwa anatupatia ni mimi mwenyewe.

Dada akamwuliza fundi kama mwanamke wa umri wake anaweza kujifunza kuendesha gari. Mzee akasema kwenye gereji ya misheni kulikuwa na sista aliyeendesha lori. Walizungumza juu ya jambo hilo kana kwamba mimi nimeshakwenda nyumbani.

Tela lilinunuliwa na familia ya Wasukuma waliokuwa wamehamia kule bondeni na ng'ombe wao. Walikuja baba na mama, na maksai wao, wakalitikisa, wakauliza kama beringi ni nzima, wakalifunga na kuondoka nalo. Sikuwasimulia historia yake. Ofisini kwetu pia sikusimulia kitu. Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa amepata gari la kaka yake, alikwenda kwa fundi kuomba afanyiwe kama la mwalimu mwenzake. Alirudi amefurahi, akaniambia kiti kinamsukuma mgongoni. Nilimpongeza.

Dada alijifunzia kwenye uwanja wa mpira, jioni baada ya kufunga kibanda, mimi nikiwa mwalimu kwa juma moja, mpaka aliponiomba nishuke nimwache asikie injini. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alibadilisha gia kama mtu anayepanga vikombe. Alipopata leseni tulikwenda Mpui, na kwenye kiti cha mbele akampakia bibi mmoja aliyekuwa ametoka hospitali, kwa hiyo mimi nikapanda nyuma kwenye magunia matupu, nimejifunga kamba kiunoni, upepo wa Julai unanipiga masikio. Tulikwenda polepole kiasi kwamba baiskeli mbili zilitupita. Tulirudi mjini dizeli ikiwa imebaki kuliko siku yoyote niliyowahi kuendesha mimi.

Kule Mpui, baba wa mwanafunzi wangu mmoja alinikuta nimesimama juu ya mzigo nahesabu magunia. Alisita, kisha akaniamkia kama mwalimu, akauliza kama siku hizi nimekuwa utingo.

"Wa dada," nikamjibu, nikamwomba anipokelee gunia.